Jua la Ngara na Kioo cha London

Katika mji wa Biharamulo lingali limesimama boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zake ni nene. Waliolijenga hawakuja kwa heri ya wenyeji, na hapana sababu ya kuwasifu: walijenga ngome ya kutawalia watu. Lakini mtu akiingia ndani ya kuta zile wakati jua la mchana linawaka hupata kivuli na ubaridi, bila mashine wala umeme. Hata mkoloni, pamoja na majivuno yake yote, alipofika nchi hii alilazimika kufanya hesabu ya jua kabla ya kupanga mawe.

Siku hizi hesabu hiyo inaanza kusahauliwa. Katika miji ya wilaya za Biharamulo na Ngara, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, dirisha la mbao na la nondo linaondoka, na mahali pake panashikwa na alumini na kioo. Jambo hilo peke yake si baya. Kioo kimeleta mwanga katika madarasa yaliyokuwa giza, na hakuna mwalimu atakayeulilia ubao usioonekana. Linalostahili kutazamwa kwa makini ni hatua inayofuata: jengo ambalo upande wake mzima wa mbele ni kioo, tena kioo cha rangi chenye utando unaorudisha mwanga kama cha kujitazamia. Jengo la namna hiyo sasa huhesabiwa kuwa ndiyo alama ya maendeleo. Ofisa anayekwenda vikaoni Dar es Salaam huiona minara ya vioo iliyojengwa katikati ya jiji, mingine kwa fedha za mifuko ya pensheni, na akirudi wilayani ofisi yake huiona kama banda.

Yafaa basi ofisa huyo asimuliwe yaliyotokea London, mji ambao minara hiyo inajaribu kufanana nao.

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2013, jengo refu lililokuwa likikamilishwa katika mtaa wa Fenchurch, nambari 20, lilianza kuunguza vitu vilivyokuwa chini yake. Jengo hilo lina urefu wa mita 160, na wenyeji hulitania kwa kuliita jina la redio ya mkononi kwa sababu limetanuka juu kuliko chini. Upande wake wa kusini ni kioo kitupu, na ukuta wenyewe umebonyea kwa ndani, mithili ya kiganja cha mtu anayekinga maji. Jua lilipofika pembe fulani, kiganja hicho kililikusanya na kulimwaga barabarani mahali pamoja. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameegesha gari lake aina ya Jaguar alilikuta baadaye kioo cha pembeni kimelegea na sehemu za plastiki za ubavuni zimejipinda. Mwandishi wa habari akaweka kikaango njiani na kukaanga yai. Vipimo vilivyochukuliwa mahali hapo vilionyesha joto la zaidi ya nyuzi 90 za Selsiasi. Wenye jengo walimlipa mwenye gari paundi 946, nafasi tatu za kuegesha magari zikafungwa, na jukwaa likajengwa haraka ili kuwakinga wapita njia. Mwaka 2014 vibao vya kukinga jua vilifungwa juu ya ukuta ule.

Kuna mambo mawili katika kisa hicho ambayo yanapita kichekesho cha yai. La kwanza ni kwamba iliripotiwa wakati ule kuwa mchoro wa mwanzo ulikuwa na vibao vya kukinga jua, vikaondolewa ili kupunguza gharama. La pili ni kwamba msanifu wake, Rafael Viñoly, hakuwa mgeni wa mkasa wa namna hiyo. Miaka mitatu nyuma, mwaka 2010, hoteli ya Vdara aliyoisanifu katika mji wa Las Vegas, Marekani, ilikuwa imekwisha kumuunguza nywele mgeni aliyepumzika kando ya bwawa la kuogelea na kuyeyusha mfuko wake wa plastiki. Ukuta wa hoteli hiyo nao umebonyea. Katika Los Angeles, ukumbi wa muziki wa Walt Disney uliofunguliwa mwaka 2003 ulitengenezwa kwa mabamba ya chuma yanayong'aa. Baada ya wakazi wa jirani kulalamika kwamba vyumba vyao vinageuka tanuri, mwaka 2005 ikabidi baadhi ya mabamba yale yasuguliwe kwa msasa ili yafifie. Nchi zilizo na wahandisi tele na kompyuta za kila aina zilishindwa kumuuliza fundi wao swali ambalo bibi wa kijijini humuuliza mjukuu anayejenga: jua litatoka wapi, na litaingilia wapi?

Hapo msomaji wa Ngara atasema kwamba habari hii haimhusu. Mji wake hauna mnara wa mita 160, na fundi wake hajui wala hataki kujenga ukuta uliobonyea. Atasema pia kwamba Ngara ni nchi ya baridi. Hoja zote mbili zina uzito, na si haki kuzipuuza kwa kelele.

Ni kweli kwamba kioo kilichonyooka hakiwezi kufanya alichofanya kile cha London. Kioo kilichonyooka hurudisha mwanga kama kilivyoupokea, hakiukusanyi. Gari lililoegeshwa mbele ya jengo la ghorofa moja katika Biharamulo halitayeyuka, na anayewatisha watu kwa habari hiyo anawapotosha. Hata hivyo, kunyooka kwenyewe si jambo la kuaminiwa sana. Huko Marekani wenye nyumba waligundua kwamba plastiki inayobandikwa kwenye kuta za nje ilikuwa ikilegea na kupinda kwa sababu ya madirisha ya nyumba ya jirani. Madirisha hayo yalikuwa ya vioo viwili vilivyofungwa pamoja na hewa katikati. Hewa hiyo ikisinyaa kwa baridi, vioo huvutwa ndani kidogo kiasi ambacho jicho halitambui, na dirisha la kawaida hugeuka kioo cha kukusanyia jua. Plastiki ile huanza kulegea kwenye nyuzi 70 na kitu. Vioo vya namna hiyo havijaenea katika Kagera, lakini biashara haina mipaka, na kinachouzwa kwingine leo huletwa huku baadaye kwa jina la teknolojia mpya.

Hoja ya baridi ndiyo inayohitaji kujibiwa kwa kirefu, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Wilaya ya Ngara iko kwenye miinuko inayofikia takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Biharamulo haiko chini sana kuliko hapo. Upepo wa asubuhi humfanya mwalimu avae sweta. Lakini baridi ya hewa ni jambo moja na nguvu ya jua ni jambo jingine. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na kwa kadiri mtu anavyopanda ndivyo miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayobabua ngozi na kupausha nguo, inavyozidi. Wataalamu hukadiria kwamba huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 katika kila mita 1,000. Mtu huona baridi akasahau jua. Plastiki haina sweta. London nayo si mji wa joto, na bado gari liliharibika huko.

Tena wilaya hizi ziko karibu sana na ikweta, kiasi cha nyuzi 2 na nusu kusini yake. Kutokana na hali hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba. Mwezi Juni, jua linapokuwa limehamia kaskazini kabisa, wakati wa adhuhuri husimama nyuzi 64 juu ya upeo wa macho. Mwezi Desemba, likiwa kusini, husimama nyuzi 69. Huko London siku gari lile lilipoharibika, jua la adhuhuri lilikuwa nyuzi 46 au 47 tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayeegesha gari chini ya ukuta wa kioo.

Kioo cha kawaida kikipigwa na jua uso kwa uso hurudisha kiasi cha asilimia 8 tu ya mwanga. Sehemu kubwa hupenya. Jua likikipiga kwa kupara kutoka juu, kama linavyofanya adhuhuri ya Juni kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kiasi kinachorudishwa huongezeka na kufikia kama asilimia 20. Kioo chenye utando unaong'aa hurudisha zaidi ya hapo. Na kwa kuwa jua liko juu sana, mwanga unaorudishwa hauendi mbali: huangukia miguuni mwa jengo. Jengo lenye urefu wa mita 7 hurusha mwanga wake wa adhuhuri ya Juni ndani ya mita 3 na nusu kutoka ukutani. Hapo ndipo magari ya ofisi huegeshwa, yamepangwa pua ukutani. Gari lililo hapo hupigwa na jua lake halali kutoka angani, kisha huongezewa sehemu ya tano ya jua jingine kutoka kwenye dirisha la mkuu wa idara. Na Juni ni kiangazi, mawingu ni haba.

Matokeo yake hayapigiwi picha magazetini, kwa sababu huja polepole. Ndani ya gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani, dashibodi hupanda hadi nyuzi 70 na kuzidi, hata pale nje pakiwa na upepo mwanana. Plastiki ni minyororo mirefu ya chembechembe. Miale ya jua huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwanza rangi hupauka, halafu uso hukauka na kushika unga mweupe, hatimaye nyufa. Bampa lililokuwa likinepa hugongwa kidogo likavunjika. Kikopo cha maji ya rejeta hupasuka shingoni. Magari mengi yanayotumika nchini yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, kwa hiyo plastiki yake ilianza kuzeeka kabla haijaiona bandari ya Dar es Salaam; pikipiki za abiria, ambazo ndizo gari la wengi vijijini, hushinda juani mchana kutwa.

Kiungo kinachostahili kuogopewa kuliko vyote ni taa ya mbele. Zamani taa za gari zilikuwa za kioo. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamekuwa wakitumia zaidi plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini jua likiila safu yake ya juu hugeuka njano na ukungu. Taa ya namna hiyo huwaka, dereva huiona imewaka, ila barabara haioni. Fikiria barabara itokayo Nyakanazi kupitia Lusahunga na Benako hadi Rusumo, njia ya malori yaendayo Rwanda, na tawi liendalo Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Tangu Aprili 2016, daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilipozinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, malori hayo yanapita usiku na mchana, na kando ya njia yako mapori yenye wanyama, ambayo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Gari la wagonjwa linalomkimbiza mama mjamzito usiku katika njia hiyo halihitaji taa zilizozeeshwa mchana uwanjani mwa ofisi. Naye mhasibu wa halmashauri akiletewa ankara ya taa mpya haandiki mahali popote kwamba chanzo chake ni dirisha.

Sasa ni nani mwenye kuamua mambo haya? Zamani mtu angeweza kusema ni wizara, au mkandarasi aliyetoka mbali. Hali imebadilika. Katika miaka ya karibuni madarasa, zahanati na nyumba za watumishi nyingi zimejengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za ujenzi, na katika kamati hizo wamo walimu. Mpango wa fedha za UVIKO-19 wa mwaka 2021, wa shilingi trilioni 1.3, ulitaka madarasa 15,000 nchi nzima, na walimu wakuu walijikuta wakipatana bei ya saruji na mabati. Mchoro wa jumla hutoka juu, ni kweli. Lakini jengo litatazama wapi, upenu utatoka nje kiasi gani, kioo cha aina gani kitanunuliwa, na magari yatasimama wapi, hayo mara nyingi huamuliwa pale pale uwanjani, siku fundi anapochora mstari wa chokaa, na huamuliwa kwa dakika chache kwa sababu kila mtu anaharakisha tarehe ya kukabidhi.

Upenu ndio unaokatwa kwanza. Fedha zikipungua, hakuna anayepunguza kioo cha mbele kinachoonekana na mgeni rasmi. Hupunguzwa mabati ya ukingoni, jengo likabaki kama kichwa kilichonyolewa. Hii ni akili ile ile iliyoripotiwa kuondoa vibao vya London, isipokuwa London ilikuwa na fedha za kuvirudisha mwaka uliofuata. Shule ya kata haina. Na hesabu ya upenu ni nyepesi kiasi cha kuwafaa wanafunzi wa darasa la sita: katika latitudo ya Ngara, upenu wa mita 1 unatosha kulitia kivuli dirisha la urefu wa mita 2 lililo chini yake wakati wa adhuhuri, likitazama kaskazini mwezi Juni au kusini mwezi Desemba. Kioo kilicho kivulini hakina jua la kumrudishia mtu yeyote.

Pande za mashariki na magharibi hazina dawa rahisi hivyo. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini, likapita chini ya upenu wa aina yoyote. Ndiyo maana wajenzi wenye busara huulaza mgongo wa jengo kutoka mashariki kwenda magharibi, mbavu fupi zikipokea jua la pembeni, na mbavu ndefu zenye madirisha zikitazama kaskazini na kusini. Kiwanja kikikataa, basi upande wa magharibi uwe na kioo kidogo, na usiwe wa kuegeshea magari.

Hakuna anayedai kwamba watu warudi kwenye msonge. Nyumba ile ya majani ilikuwa na kivuli kizuri, lakini ilikuwa pia na moshi, viroboto na hatari ya moto. Haja iliyopo ni kuacha kasumba ya kudhani kwamba kuna namna moja tu ya usasa, nayo ni kung'aa. Tanzania yenyewe ilikwisha kutoa jibu lake. Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alisanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975: paa lake la zege limefunguka kama miavuli mikubwa, chini yake kivuli, hewa ikipita pande zote. Jengo hilo liliungua Julai 2021, lakini moto huo haukuwa na shaka yoyote juu ya kivuli chake. Huko Harare, Mick Pearce alisanifu jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996, lenye maduka na ofisi, ambalo hupozwa kwa kupitisha hewa katika kuta nzito na mabomba marefu, mfano aliouchukua kutoka kwa mchwa. Kichuguu si kitu kigeni kwa mtoto wa Biharamulo. Hukikanyaga kila siku akienda shule, na hakuna anayemwambia kwamba humo ndani mna somo la ujenzi ambalo watu wa mbali wamelitumia.

Wilaya ya Ngara ina madini ya nikeli ya Kabanga na umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Penye shughuli kama hizo hujengwa benki, hoteli na ofisi, na kila mmoja wao atataka kumshinda jirani kwa mng'ao. Mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi iko mikononi mwa halmashauri. Mhandisi wa wilaya na ofisa mipango miji wanaweza kumtaka mwombaji aonyeshe katika mchoro wake ukuta wa kioo unatazama upande gani, mwanga wake utaangukia wapi saa sita za Juni na Desemba, na kama uko ukuta wowote uliobonyea. Maswali hayo hayagharimu shilingi hata moja. Kwa majengo makubwa wapo wasanifu waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hao nao walipwe kwa kufikiri, si kwa kuiga picha za vitabu vya Dubai.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kazi ni ndogo zaidi na inaweza kuanza muhula huu. Magari ya halmashauri na ya hospitali yaondolewe chini ya vioo na kusogezwa mita 4 au 5 kutoka ukutani, na mahali hapo pajengwe kibanda cha mabati au, kwa gharama ndogo kabisa, ipandwe miti. Mgrevilea humea vizuri katika vilima vya Kagera na hauchukui miaka mingi kutoa kivuli. Miche ipo katika vitalu, na mvua za vuli zikianza walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuchimba mashimo kwenye mstari wa maegesho.